Kompyuta ya Marehemu Haiguswi

Gihosha, Bujumbura
Jumapili, 19 Januari 2025

Baba mdogo Sylvère,

Pokea salamu kutoka kilimani. Mama anakusalimu sana, anasema nikwambie kwamba magoti bado ni yake ila hayamsikii tena. Petroli ikikosekana hupanda kwa miguu kutoka sokoni, na Gihosha unavyoijua haijawahi kumhurumia mtu mwenye mzigo. Mvua ya juzi imebomoa ukuta wa jirani, wetu umesimama. Huko Kigoma je? Mama mdogo ameacha kukohoa? Na mwanao Loïc amemaliza mitihani salama?

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu ulisema mambo ya marehemu hayazungumzwi kwenye simu, eti simu haina sahihi. Haya, nimenunua kalamu.

Jambo lenyewe ni kompyuta ya Baba, ile aliyokuwa anachapia watu barua za kuomba kazi. Tangu atutoke mwezi wa nane mimi ndiye ninayeitumia, lakini sichapi barua, nachora ramani za nyumba. Ndiyo kazi niliyosomea na Baba ndiye aliyenilipia. Sasa watu hawataki tena mistari kwenye karatasi. Wanataka kuona nyumba yao kwenye kioo, imesimama, ina madirisha, unaizungusha. Mama mmoja mfanyabiashara, Raïssa, amenunua kiwanja huku mteremkoni na ameniahidi kazi nikimwonyesha hivyo. Kompyuta ya Baba haiwezi. Nikibonyeza kitufe naenda kuosha vyombo, nikirudi bado inawaza. Jana iliganda kabisa na nusu ya ghorofa ikapotea.

Kununua mpya siwezi, na wewe unajua. Lakini kuna Mkongo mmoja mjini anaitwa Murhula, anauza vipande vya kompyuta zilizotumika. Ameniambia mtu si lazima anunue kompyuta nzima. Anaweza kubadilisha yale ya ndani tu, kimoja leo, kingine mwezi ujao, kadiri mfuko unavyoruhusu. Nimeamua kufanya hivyo kwenye ile ya Baba.

Sikuandikii kuomba ruhusa, nakuandikia kukujulisha kwa heshima zote. Na pia kukuuliza, wewe ukiwa ndiye mkubwa wa ukoo sasa: kugandura ni lini? Mama amechoka kuvaa msiba.

Mwanao,
Joëlla


Kigoma
Jumapili, 16 Februari 2025

Binti yangu Joëlla,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua yako nimeipata kwa mkono wa Léonce, mfanyabiashara wa mawese, ambaye amezunguka nayo mfukoni mpaka karatasi imelowa mafuta. Sisi ni wazima. Mama mdogo wako hakohoi tena, sasa ni jino. Loïc amefaulu vizuri na tunamshukuru Mungu, ingawa kufaulu nako kuna gharama zake.

Nimesoma habari ya kompyuta nikavua miwani, nikaivaa, nikasoma tena. Joëlla, wewe ni mtoto wa nani? Mtu akifa vitu vyake hukaa pale alipoviacha mpaka siku ya kugandura. Siku hiyo ukoo hukutana, pombe hunywewa, mkubwa husimama na kuuliza marehemu ameacha nini, kila kitu hutajwa mbele ya watu, na hapo ndipo msiba unapovuliwa na mali inapogawanywa. Kabla ya siku hiyo hata kiti chake hakisogezwi. Na wewe unataka kumpasua kaka yangu tumbo na kutoa maini!

Kompyuta isiguswe. Ifunikwe kitambaa, ikae mahali pake. Kuhusu tarehe ya kugandura, hiyo naitoa mimi, na nitaitoa wakati wake ukifika. Haraka haraka haina baraka.

Halafu nieleze, ina kioo chake bado? Na lile boksi lina uzito gani, mtu anaweza kulibeba kwenye basi bila kuumia mgongo? Nauliza tu.

Baba yako mdogo,
Sylvère, Mwl.


Gihosha
Jumapili, 9 Machi 2025

Baba mdogo,

Salamu nyingi, na pole ya jino kwa Mama mdogo. Ajaribu maji ya chumvi kabla hajawapa madaktari wa huko nafasi ya kuling'oa. Mama yupo, magoti ni yaleyale. Mpe Loïc hongera yangu, na umwambie nimefurahi kweli, maana nadhani wewe hukumwambia.

Umeshinda. Kompyuta ya Baba imefunikwa kitambaa, kile alichodarizi Mama mwaka wa harusi yao, na iko mahali pake chini ya meza yake. Kiti chake pia hakijasogea, mimi nimeazima kigoda cha jikoni. Lakini usiseme mimi ni mtoto wa nani. Huyo uliyemwita kaka yako nilimwogesha mimi alipokuwa hawezi kuinuka, nikamlisha uji kwa kijiko, na alipokata roho mkono aliokuwa ameushika ni wangu. Kama kuna mtu wa kufundishwa heshima ya marehemu katika ukoo huu, basi tafuta mwingine.

Sasa nikueleze yaliyotokea. Kabla barua yako haijafika nilikuwa nimekwisha ifungua. Murhula alipanda kilima mwenyewe, na bisibisi yake mfukoni, tukaangalia ndani. Nilikuwa nimeweka akiba ya kununua carte mère, ile sahani pana ambamo vipande vingine vyote huchomekwa. Bila hiyo prosesa ya nguvu haina pa kukaa. Murhula akapima kwa vidole, akapima tena kwa rula, akatikisa kichwa.

"Dada, iyi boksi ni ya kampuni. Matundu ya vis, zile skrubu, ni yake peke, fishi ya kuchomeka umeme ni yake peke. Carte mère ya kawaida aiwezi ingia humu."

"Hata tukitoboa matundu mengine?"

"Utatoboa ya nini? We unataka kompyuta ao unataka passoire ya kuchujia chai? Acha iyi ya Mzee ilale. Anza yako chini kabisa, polepole."

Tulirudishia kila skrubu na kufunga. Hakuna kilichotoka, hakuna kilichoingia. Nilikaa nimenuna siku ile yote kwa sababu nilitaka sana kitu changu kiingie ndani ya kitu cha Baba. Kisha nikasema sawa, kama boksi lake halinitaki, nitaanza yangu. Nimeanza na carte mère iliyotumika ambayo prosesa tayari imekaa ndani yake, ili nisije nikapinda vile visindano vidogo kwa mikono yangu ya kuchimba mihogo. Nimeifunga kwa karatasi ya gazeti na nimeiweka juu ya kabati, mbali na panya.

Swali lako la uzito silielewi. Lina uzito wa boksi la chuma. Kwa nini unauliza?

Mimi pia nina swali. Hukuja kuzika. Kwenye simu ulisema mpaka umefungwa, kisha ukasema mgongo, kisha ukasema shule haikukupa ruhusa. Sababu moja ingetosha, Baba mdogo. Tatu kwa pamoja zinatia shaka.

Mama alisimama nyuma yangu nikiandika haya, akasema: "Joëlla, iyo usiandike." Nimeandika.

Mwanao,
Joëlla


Kigoma
Jumapili, 27 Aprili 2025

Joëlla,

Kristo amefufuka. Pasaka yetu ilikuwa ya kawaida, mvua na wageni. Jino limeng'olewa. Loïc amepata nafasi chuoni, ataanza mwezi wa kumi, amechagua mambo ya kompyuta, jambo ambalo mimi sikumchagulia. Mabasi ya upande wenu hayaji kwa mpangilio, ndiyo maana jibu limechelewa. Usidhani nilikuwa nimekasirika. Nilikuwa nimekasirika pia.

Ukurasa wako wa pili, ule wa matundu na fishi na masahani, niliuruka. Mimi ni mwalimu wa historia. Maneno mawili tu niliyaona na yakanitosha: "nimekwisha ifungua". Nilikataza, wewe ulikuwa umekwisha fungua, halafu unaniambia nimeshinda. Kaka yangu alikulea kama mvulana, nilimwonya, akacheka. Sasa kicheko chake nimeachiwa mimi.

Nasema tena mbele ya Mungu: kompyuta ya marehemu isitolewe kitu. Ikae kama ilivyo hadi siku ya kugandura. Tarehe si sasa. Kuna nauli, kuna mafuta, kuna mambo ya ukoo ambayo wewe huwezi kuyajua. Mama yako avumilie, mjane mwema hana haraka ya rangi.

Hilo swali lako la mwisho usiniulize tena.

Inawaka lakini? Kompyuta?

Sylvère


Gihosha
Jumapili, 8 Juni 2025

Baba mdogo,

Amani kwenu. Kiangazi kimeingia, vumbi la kilimani limeanza, Mama anapiga chafya na kulaumu serikali ya mbinguni. Jirani amejenga ukuta wake upya, safari hii umesimama wima. Namwombea Loïc. Aje akipata likizo, tutamlalisha sebuleni.

Neno lako la "mjane mwema" nilimsomea Mama. Alikwenda kuchambua maharage, na nakwambia yale maharage yalichambuliwa kwa hasira.

Sasa kurasa zinazofuata ni za mashine. Kama kawaida yako, ziruke. Nitakwambia pa kuanzia tena.

Kwa miezi hii nimekuwa nikijenga kompyuta yangu kwa kazi ndogondogo za kuchora kwa mkono: kadi za mwaliko wa harusi, programu za mazishi, mabango ya saluni. Kila kazi ilinunua kipande. Baada ya carte mère nikanunua RAM kwa Murhula, mbili zinazofanana, zimetolewa kwenye kompyuta ya ofisi iliyofungwa. Kisha diski ile ndogo isiyo na kitu kinachozunguka ndani, kwa sababu Murhula ananiambia hapo ndipo mtu maskini huonja utajiri upesi zaidi. Kitu kimoja tu nilichokataa kununua kilichotumika ni kisanduku cha umeme. Umeme wetu huku unavyokatika na kurudi kwa kishindo, kisanduku chakavu kinaweza kuchoma kila nilichokitolea jasho. Murhula alikuwa na kimoja cha bei rahisi, akanisukumia, nikakisukuma nyuma. Akasema: "We dada uko na kichwa nguvu." Nikamwambia ndiyo, hicho nilizaliwa nacho, sikukinunua kwako.

Boksi la chuma la kuiwekea yote hayo lilinishinda bei. Basi nilikwenda kwa seremala wa hapa chini, nikamchorea sanduku, akalitengeneza kwa vipande vya mbao ya libuyu vilivyobaki kwenye milango ya mtu. Lina matundu ya kupumulia mgongoni na kifuniko kwa mbele. Tumelipigilia ukutani juu ya meza. Wageni hudhani ni kabati la mkate. Kioo nacho ni kikuukuu cha Murhula, cha Baba sijakigusa.

Siku ya kwanza kuiwasha haikuwaka. Feni ilizunguka, kioo kikabaki cheusi. Nilizima, nikawasha, nikaomba. Mama akasimama mlangoni na kusema: "Ni baba yako. Anakasirika. Nilikuambia tungoje." Nililia, Baba mdogo, sitakuficha, kwa sababu na mimi kwa muda kidogo niliamini hivyo. Nilishinda siku kadhaa bila kulisogelea lile sanduku. Kisha nikalifungua tena, nikafuata kila waya kwa kidole toka mwanzo hadi mwisho, na nikaona fishi ndogo ya pembe nne inaning'inia peke yake nyuma ya zingine. Ni ile inayolisha prosesa. Nilikuwa nimeisahau. Baba hakuwa na hasira yoyote, prosesa ilikuwa na njaa. Niliichomeka, nikabonyeza, ikawaka. Nilipiga kelele mpaka jirani akaja na rungu.

Mama Raïssa alikuja kuona nyumba yake. Niliizungusha mbele yake, mlango, baraza, ngazi, dirisha la jikoni linaloangalia ziwa. Alishika mdomo. Akasema dirisha la jikoni liwe kubwa zaidi, nikalikuza palepale akiwa anaangalia. Amelipa na ameniletea shemeji yake mwenye kiwanja Kajaga. Sina wa kumwonyesha furaha hii ambaye angeielewa, isipokuwa yule aliyelala, na yeye kompyuta yake iko palepale chini ya meza, imefunikwa kitambaa, haina hata waya ukutani.

Hapa anza kusoma tena.

Mwezi wa nane mwaka utatimia. Tupe tarehe.

Mwanao,
Joëlla

Tena: umeuliza kama inawaka. Inawaka vizuri kama siku zote. Ni wewe uliyesema isiwashwe.


Kigoma
Jumapili, 13 Julai 2025

Binti yangu mpenzi Joëlla,

Tumsifu Yesu Kristo, sasa na hata milele. Salamu zangu zikufikie wewe na shemeji yangu mpendwa. Mama mdogo wako anakukumbatia. Tumewatumia dagaa kwa mkono wa Léonce, wakaangeni kwa nyanya.

Kurasa za mashine niliziruka kama ulivyonishauri, asante kwa kunihurumia. Lakini Léonce ameniletea habari ambayo sikuitarajia. Ameniambia alipita hapo nyumbani kuchukua barua, akakuta nyumba ya watu inazunguka kwenye kioo, milango inafunguka, unaitembelea ndani na miguu yako iko nje! Akainama, akaiona kompyuta ya kaka yangu mahali pake, imefunikwa kitambaa kwa heshima kama nilivyoagiza. Akasema, Mwalimu, ile kompyuta ya marehemu imerudi ujana, hata chuo kikuu hawana kama ile.

Joëlla, nilikuwa mkali. Aliyeipamba mali ya marehemu hakuiharibu. Nimekusamehe.

Sasa sikiliza mpango wangu. Mali kama hiyo haiwezi kukaa sebuleni huku wezi wamejaa mjini. Kama mkubwa wa ukoo naruhusu itoke kabla ya kugandura, kwa ajili ya kutunzwa tu. Léonce atakuja na blanketi na kamba. Mpe boksi, mpe na kioo. Loïc ataitumia kidogo hapo chuoni ili isishike kutu, na siku ya kugandura italetwa mbele ya watu na kutajwa. Siku yenyewe tuiweke mwakani, labda baada ya Pasaka.

Usiniambie habari ya kazi zako. Najua una kazi. Lakini wewe ni msichana, kesho utaolewa, na kompyuta ya kaka yangu itakwenda kwa watu wasiotuhusu. Loïc ni damu itakayobaki.

Nimeandika kwa upendo.

Baba yako mdogo,
Sylvère


Gihosha
Jumapili, 10 Agosti 2025

Baba mdogo,

Tumepokea salamu, na dagaa tumewala. Walikuwa wazuri na nakushukuru kwa dhati, maana ugomvi na chakula ni vitu viwili. Mama mzima. Magoti yamepata nafuu tangu alipopata jambo la kusimamia, nitakwambia ni lipi.

Léonce alikuja na blanketi lake na kamba yake. Nilikuwa mezani, ile nyumba ya Kajaga iko kwenye kioo, inazunguka. Alisalimia, akapiga magoti moja kwa moja chini ya meza na kuanza kukunja kitambaa. Mama akatoka jikoni, mikono ina unga.

"Léonce, acha iyo. Kintu ya mume wangu aitoke mu iyi nyumba mbele ya kugandura."

"Mama, si mimi. Ni Mwalimu ananituma."

"Mwalimu ndiye alisema isiguswe. Niko na barua yake. Akibadilisha, aje aseme na mudomo yake mwenyewe, mbele yangu."

Kwa hiyo amri yako ya kwanza ndiyo iliyoizuia ya pili. Sikumfundisha Mama hayo maneno, alikuwa nayo tangu siku ya "mjane mwema".

Lakini sikutaka Léonce aondoke na uongo, kwa sababu ni mtu mzuri. Nilikitoa kitambaa mwenyewe. Chini yake boksi la Baba lina vumbi, halina waya, halijawashwa tangu ulipokataza. Léonce akalitazama, akatazama kioo, nyumba bado inazunguka. Akauliza: "Sasa iyi inatoka wapi?" Nikafungua lile sanduku la mbao ukutani, akaona feni inazunguka na taa ndogo zinawaka. Alikaa sakafuni, akaomba maji ya kunywa.

Nilikuandikia haya yote, Baba mdogo. Niliandika mwezi wa tatu, nikaandika tena mwezi wa sita, na wewe uliruka, ukajivunia kwamba umeruka. Ungesoma kurasa zangu mara moja tu kama unavyosoma madaftari ya watoto wa watu, ungejua kwamba kompyuta ya kaka yako haijawahi kurudi ujana. Ni ileile nzee, na ukibonyeza kitufe unaweza kwenda kuosha vyombo. Hakuna skrubu yake iliyopotea. Nilitii amri yako kuliko wewe mwenyewe ulivyoitii.

Ile ya ukutani si mali ya marehemu. Haitatajwa mbele ya watu, haitagawanywa, haitafungwa kwenye blanketi. Kila kipande chake kina harusi ya mtu au mazishi ya mtu niliyoyafanyia kazi. Nikiolewa nitaondoka nayo, na huyo bwana asipotaka sanduku la mbao ukutani mwake, abaki kwao na ukuta wake mtupu.

Sina kinyongo na Loïc. Nilijua ni kwa ajili yake tangu ulipouliza uzito, na ingenipendeza zaidi kama ungesema tu: Joëlla, mwanangu anaanza chuo, sina uwezo, nisaidie. Ningesaidia. Bado nitasaidia. Aje akae nasi kabla chuo hakijafunguliwa, nimpeleke kwa Murhula, ajifunze kuijenga yake. Asije na blanketi, aje na kiasi chochote mlichonacho, na uvumilivu. Ndivyo nilivyoanza mimi.

Sasa jambo analolisimamia Mama. Tulikwenda parokiani, yeye na mimi. Misa ya kugandura imeandikwa Jumamosi tarehe 6 Septemba, saa nne asubuhi. Najua tarehe hutolewa na mkubwa wa ukoo. Mkubwa wa ukoo ameombwa tarehe tangu Januari, akajibu kwa maswali ya kioo na uzito. Wazee wa ukoo walioko Kinanira tumewafuata mmoja mmoja nyumbani kwao, tumewaeleza, wamekubali. Mmoja aliuliza kama unaumwa. Nikamjibu sijui, na ni kweli sijui.

Ulinikataza kukuuliza kwa nini hukuja kuzika, na sitauliza tena. Nadhani ulishindwa kumwona amelala, wewe uliyemzoea amesimama. Kama ndivyo, si aibu. Mimi niliyekuwepo naogopa siku hiyo ya Septemba kuliko nilivyoogopa ile ya kaburi, kwa sababu tukishavua msiba nitatakiwa kuacha kulia mbele za watu, na bado sijamaliza. Njoo tumalize pamoja. Boksi la Baba litatajwa kama ulivyotaka, na ukitaka liwe la Loïc mimi nitakuwa wa kwanza kuinua mkono. Lakini utalibeba mwenyewe, kwa mgongo wako huohuo, baada ya kusimama mbele ya watu na kusema jina la kaka yako.

Kiti cha mkubwa kitawekwa mbele. Usipofika, Mama atakikalia. Nimemuuliza kama ataweza kusimama na kuuliza yale maswali ya ukoo, akaniambia amekwisha yakariri.

Usiandike kuomba tusogeze mbele. Mtama wa pombe tumeuloweka tangu juzi.

Mwanao, ambaye bado anakupenda,
Joëlla